Ng'ombe Aliyefika Vicenza

Mbulu, 10 Februari 1974

Mwanangu Kasian,

Huku tu wazima, na mvua imetunyima. Nakuambia yote mawili kwa mpigo ili usianze kuhangaika katikati ya barua. Mimi shangazi yako Filomena nina mguu wangu uleule mbovu, lakini kanisani nafika. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ignasi, anauliza kama baridi ya huko inaizidi ya Mbulu mwezi wa saba. Mjibu mwenyewe, mimi ameniudhi kwa michango yake.

Anayeandika ni Efrazia, binti wa Mzee Bura wa Basotu. Amemaliza darasa la saba, anakaa kwangu, na anafundisha kisomo cha watu wazima. Mimi nasema Kiiraqw, yeye anaandika Kiswahili, kwa hiyo ukikuta neno lisilofanana nami, si langu. (Mwandishi: nimeandika kila neno kama lilivyosemwa.)

Sasa jambo lenyewe. Serikali imekupeleka Italia kusomea ngozi, haikukupeleka kusomea useja. Nimekutafutia mchumba. Ana adabu, ana mikono ya kazi, na anajua kusoma. Jina lake silitaji humu maana mwandishi ana masikio. (Mwandishi: nimemwuliza ni nani, anacheka tu.) Mahari ipo. Kwetu hatuombi zizi zima: ng'ombe mmoja jike, mbuzi na pombe ya asali, basi. Ng'ombe ni Madoa au uzao wake. Unakumbuka marehemu baba yako, kaka yangu, alimkabidhi Mzee Bura amtunze kule Basotu kwa sababu huku juu malisho ni finyu. Maziwa ya Bura, ndama wetu. Ukame umeua ng'ombe wengi kule chini, ila Bura ametuma salamu kwamba Madoa ni mzima.

Lakini unanijua. Sifungi undugu na nyumba ya waongo. Mwaka juzi Joakimu alitaka kutuoza binti yake, tukaelewana, mpaka aliponiambia mbuzi wangu niliyemkabidhi kaliwa na fisi kumbe kamla yeye na mashemeji zake. Asali aliyoniletea niliirudisha siku ileile, mbele ya watu, na nikasema wazi kwamba nitafanya hivyo kwa yeyote. Binti alikuwa mzuri, nakiri. Lakini mtu akikudanganya juu ya mnyama, atakuambia kweli juu ya nini?

Vaa soksi.

Shangazi yako Filomena, na dole gumba langu hili hapa.


Arzignano, Vicenza, 17 Machi 1974

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Soksi nimevaa, jozi mbili. Mwambie Ignasi baridi ya huku haina mfano, inaingia mpaka kwenye meno. Mimi ni mzima, nakula, nalala, nanuka ngozi. Mwenzangu kutoka Mwanza anakusalimu.

Umeniuliza kwenye barua ya zamani watu wa huku wanaishi kwa kazi gani. Shangazi, mkoa huu wa Vicenza haufiki nusu ya Mbulu na Hanang ukiziunganisha, na kazi yake inanishangaza hadi leo. Mjini kuna mafundi wa mikufu ya dhahabu, wengi ajabu. Nikauliza mgodi uko wapi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Hakuna mgodi! Dhahabu wanainunua nje, wanaigeuza mikufu, wanaiuza nje. Kaskazini, Schio na Valdagno, kuna viwanda vya sufu vikubwa kuliko boma la Mbulu, na sufu yenyewe inatoka Australia. Na sisi bondeni ni ngozi. Ng'ombe wao ni wachache, wa maziwa, wana kengele shingoni, ukiwachinja wote hawatoshi kulisha viwanda vya bonde hili mwezi mmoja. Ngozi zinatoka Ajentina, Ethiopia, na usicheke, kwetu pia. Zinaingia zikiwa ngumu na chafu, zinatoka laini, zinakwenda kuwa viatu vya Wajerumani na mikoba ya Wamarekani. Mto wa hapa leo ni mwekundu, kesho wa buluu, kutegemea viatu gani vinatakiwa.

Viwanda vingi ni vidogo. Mmoja ana mashine ya kutoa manyoya tu, jirani yake anakausha, wa tatu anapaka rangi, wanapelekeana kazi siku nzima. Nilimwuliza msimamizi wangu, Mzee Bepi, kama huu ni ujamaa au ubepari. Akafikiri, akasema, "Hawa ni mashemeji."

Jumapili nyingine magari yalikatazwa kwa sababu ya bei ya mafuta, tukaona mkurugenzi wa benki anakwenda misani juu ya punda. Chakula chao kikuu ni ugali wa mahindi ya njano. Wanaumwaga juu ya ubao na kuukata kwa uzi. Nililia kidogo nilipouona, kwa furaha.

Kuhusu yule usiyemtaja: kama mwandiko wake ni mzuri, mimi sina pingamizi.

Mwanao Kasian


Mbulu, 5 Mei 1974

Mwanangu Kasian,

Salamu zote zimefika. Efrazia alipofika mahali pale pa mwandiko alikohoa sana, ikabidi nimpe maji. (Mwandishi: ni vumbi la chaki.)

Mvua imekuja kidogo, mahindi yamechungulia tu. Tunakula unga wa njano wa msaada. Watu wanasema ni chakula cha mifugo. Nimewatangazia kwenye foleni kwamba huko Ulaya unakatwa kwa uzi kwa heshima zote, sasa Ignasi anaukata kwa uzi na mkewe hamsemeshi.

Hayo ya dhahabu bila mgodi niliyapeleka kwenye mkutano wa kijiji. Nilisimama nikasema: kuna mkoa hauna dhahabu unauza dhahabu, hauna kondoo unauza sufu, hauna ng'ombe wa kutosha unauza ngozi. Sisi tuna ng'ombe, tunauza nini? Viatu vyangu vimetoka wapi? Bwana mifugo alijikuna, akasema kosa letu ni kuanika ngozi chini kwenye mchanga na kuzitoboa kwa visu. Basi wamekubaliana kujenga fremu za kuwambia. Mwenyekiti akataka nikae, nikakaa kwa sababu ya mguu, si kwa sababu yake.

Mzee Bura alikuja wakati wa Pasaka kumwona binti yake. Amekonda. Kule Basotu wanaambiwa wahamie kijiji kipya, nyumba zipangwe kwa mstari. Alileta samli ya Madoa kwenye kibuyu kama kawaida yake. Akasema Madoa ni mzima, ana mimba. Samli nimeipokea. Nimeionja.

Haya, jifunike.

Shangazi Filomena, na dole gumba.


Arzignano, 9 Juni 1974
(haikutumwa)

Shangazi, Madoa amekufa. Nimemwona.

Jumanne tulifungua robota la ngozi kavu lenye alama ya Arusha. Nilikuwa nazihesabu kwa sauti, Mzee Bepi anaandika. Ya thelathini na moja, nikanyamaza. Nyeupe yenye madoa meusi. Nikasema ng'ombe wa madoa wako wengi duniani. Nikaigeuza. Pajani kuna chapa ya baba, fimbo mbili na duara. Bado nikasema labda. Kisha nikaona chini ya chapa lile kovu la fisi, lenye nyuzi saba zilizopinda, nilizoshona mwenyewe nikiwa na miaka tisa kwa sindano yako na uzi wako mweusi, ukanichapa kwa sababu ya sindano. Nilikaa juu ya robota nikalia kama mtoto, wenzangu wakadhani nimekatika kidole.

Shangazi, ngozi inachukua miezi kufika huku. Wakati wa Pasaka, Mzee Bura alipokuletea samli ya Madoa, Madoa alikuwa baharini!

Desturi unaijua kuliko mimi. Ng'ombe wa kukabidhiwa akifa, mtunzaji anamletea mwenye ng'ombe ngozi, wanakaa, wanahuzunika pamoja, na jambo limekwisha. Hakuna anayelipishwa kifo cha njaa. Mzee Bura hakuileta. Aliiuza, kisha akasema uongo. Na wewe umeapa mbele ya watu juu ya nyumba za waongo.

Halafu nani atakusomea barua hii? Binti yake. Nitamfanyaje Efrazia asome kwa sauti, sebuleni kwako, kwamba baba yake ni mwongo, na hapohapo uchumba wake ufe mdomoni mwake? Siwezi. Nampenda, shangazi. Nimempenda kwa mabano yake.


Arzignano, 9 Juni 1974

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mzima. Kazi ni nyingi. Je, Madoa hajambo? Umemwona mwenyewe kwa macho? Itakuwa vizuri kumwona Madoa mwenyewe. Umri wa Madoa ni mkubwa na ukame si mchezo. Usiwe na mawazo, nauliza tu habari za Madoa.

Jambo jingine. Shangazi, jiunge na kisomo. Jifunze kusoma mwenyewe, haraka iwezekanavyo. Msalimu mwandishi.

Kasian


Mbulu, 28 Julai 1974

Kasian,

Efrazia amenihesabia. Barua ni nusu ukurasa, na Madoa katajwa mara nne. Mimi nimetajwa mara mbili. Una nini?

Bura amekuja tena, kaleta kibuyu kingine cha samli. Anasema Madoa amezaa, ndama jike, mwenye madoa kama mama yake. Ndama alipomtaja, macho yake yaling'aa kweli. Madoa alipomtaja, aliangalia moto. Nilimwambia nitakuja Basotu kumwona, akasema barabara ni mbaya kwa mguu wangu. Mguu wangu umekuwa na marafiki wengi siku hizi.

Na hili la kisomo. Nina miaka hamsini na kitu. Kuna nini cha kuniambia ambacho Efrazia hawezi kukisoma? Ameandika swali hili mwenyewe sasa hivi, na mkono wake umetulia, lakini uso wake je? (Mwandishi: uso wangu hauna neno. Shangazi amekasirika kidogo tu. Kama ni mimi nimekosea mahali, naomba radhi.)

Hakukosea mahali popote. Nimejiunga. Mwalimu wangu ni yeye, na ni mkali.

Filomena, na dole gumba, huenda la mwisho.


Arzignano, 6 Oktoba 1974

Shangazi mpendwa, shikamoo. Mwandishi, hujakosea chochote, wala hutakosea.

Nimefurahi mno juu ya kisomo. Mimi sasa nimehamishiwa kwenye mapipa. Ni mapipa ya mbao makubwa kama nyumba, yanazunguka siku nzima. Ngozi inalowekwa, inatiwa chokaa, manyoya yanatoka, inakwanguliwa mafuta na nyama, halafu inaingia pipani. Waambie kijijini kwamba za kwetu wanaziweka daraja la tatu: visu, mchanga, na chapa. Sisi tunapiga chapa pajani, palepale penye ngozi bora. Tungepiga shingoni tungeuza kwa bei mara mbili.

Mzee Bepi amenisimulia jambo, nami nakusimulia lilivyo. Babu yake alikuwa maskini, akitunza ng'ombe wa tajiri mmoja wa hapa: maziwa na kazi kwake, ndama nusu kwa nusu. Ng'ombe akifa, babu alipaswa kumpelekea tajiri ngozi ili aaminiwe. Mwaka mmoja wa njaa ng'ombe alikufa, babu akaogopa, akaiuza ngozi akanunua unga wa watoto. Halafu kila alipokutana na tajiri alisema ng'ombe ni mzima. Bepi anasema babu yake alizeeka mwaka ule mmoja kuliko mingine yote, na hakuwa mtu mbaya. Basi, ni hadithi tu ya hapa kiwandani.

Padre wetu wa huko anarudi Mbulu baada ya likizo yake huku Italia, nimempa furushi. Si lako, shangazi. Usilifungue, usilibonyeze, usilinuse. Atalifikisha Basotu kwa Mzee Bura.

Kasian


Mbulu, 19 Januari 1975

Mwanangu,

Krismasi ilikuwa ya mvua, Mungu ashukuriwe. Mahindi yamesimama, fremu za kuwambia ngozi ziko sita na Ignasi anawaonyesha wageni kana kwamba amezizaa.

Padre amepita. Furushi nililibonyeza. Ni laini.

Lakini Basotu hakumkuta Bura. Wamehamishiwa upande wa Hirbadaw, na mvua ilipokatiza njia aliliacha kwa katekista mmoja alifikishe. Bura hajaja tangu mwezi wa saba. Hata Krismasi hakuja kumwona binti yake, na hajawahi kukosa. Hadithi ya babu wa Mzee Bepi nimeifikiria wakati wa kupalilia. Niliirudia mara nyingi.

(Mwandishi: sasa ni mimi, Efrazia, shangazi ametoka. Kaka Kasian, baba ana nini? Nimemtumia salamu mara tatu, hajajibu. Watu wa Basotu wanasema amekuwa anakaa peke yake. Barua zako zinazunguka, hazisemi. Mimi si mtoto. Shangazi anarudi, naacha.)

SASA NI MIMI. FILOMENA. NIMEANDIKA MWENYEWE. NG OMBE. KASIAN. SAMLI. MENGINE BADO.


Arzignano, 16 Machi 1975

SHANGAZI SOMA MWENYEWE. MTU MWINGINE ASISOME.

Shikamoo shangazi. Naandika maneno mafupi na herufi kubwa. Soma polepole, hata siku tatu.

Madoa alikufa. Ngozi yake niliiona huku mwezi wa sita. Chapa ya baba ipo. Nyuzi zangu saba zipo. Mzee Bura aliiuza.

Niliomba ile ngozi kiwandani. Mwenye kiwanda alicheka. Alisema chukua, ina chapa, haina bei. Mimi na Mzee Bepi tuliitengeneza siku za Jumamosi kwa magome ya miti, si kwa dawa. Bepi alisema chapa isifutwe. Ndiyo ile iliyo kwenye furushi. Nimemrudishia Mzee Bura ili akuletee mwenyewe, kama desturi. Sikutaka kumsemea.

Lakini miezi imepita na yeye kimya, na Efrazia anaumia. Ameniuliza, nami siwezi kumdanganya wala kumwambia. Basi nakuambia wewe.

Shangazi, hasira yako ni haki. Uliapa mbele ya watu. Lakini naomba, usinikatalie Efrazia. Yeye hajui lolote. Mimi nitarudi mwezi wa tisa. Kiwanda cha ngozi cha serikali bado kinajengwa, lakini nitarudi. Nikimkosa yeye, hata ngozi zote za bonde hili sizitaki.

Kasian


Mbulu, kuanzia 1 Juni hadi 5 Juni 1975

Kasian mwanangu,

Naandika mwenyewe. Nimetumia siku tano na kalamu mbili. Efrazia haoni, nimemwambia ni zoezi.

Barua yako ilikawia njiani. Imefika Ijumaa. Bura alifika Jumatano. Amekutangulia siku mbili. Ungetangulia wewe ningelazimika kukasirika, maana nilishatangaza mbele ya watu. Mungu aibariki posta.

Alikuja mchana. Kamba mkononi, mtamba nyuma yake, furushi kwapani. Hakutaka kukaa. Alisimama uani akasema kwa sauti, Ignasi akasikia, jirani wakasikia. Alisema: Filomena, Madoa alikufa mwezi wa kumi na moja mwaka juzi. Nilikuwa nimezika ng'ombe kumi na mmoja wiki ile. Ngozi yake niliiuza kwa debe moja la mahindi, watoto walikuwa wamelala chini kwa njaa. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho ikawa mwaka na nusu.

Kisha akafungua ngozi, akaitandika miguuni pangu. Kasian, ni nyekundu na laini, inang'aa. Efrazia alishika mdomo. Akasema furushi katekista alimfikishia wiki ileile tu, akamsomea kikaratasi chako: "Mzee Bura, shikamoo. Hiki ni chako, kilipotea njiani. Kifikishe kinapotakiwa." Anasema alilia mbele ya katekista, halafu akatembea siku mbili.

Mtamba ni wa Madoa. Alizaliwa mwezi mmoja kabla mama hajafa. Bura alimlea kwa uji wa unga wa njano, kijiko kwa kijiko, kutoka sufuria ya watoto wake. Alitaka akue kwanza ndipo aniambie. Kwa hiyo alipong'aa macho hakudanganya.

Nikamwambia: Bura, nilijua tangu Pasaka ile. Akauliza nani kakwambia. Nikasema samli. Mimi samli ya Madoa nimeila miaka tisa. Ile ilikuwa ya kopo, ya dukani, umeihamishia kwenye kibuyu. Jamani, mtu ana njaa, ananunua samli ya dukani ili nisijue ng'ombe wangu kafa! Joakimu alidanganya ili ale. Huyu alidanganya akabaki na njaa. Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe, nikaanza kuogopa kwamba hatasema. Niliogopa sana, kwa ajili yako. Samli yenyewe nilipaka mguu. Umepata nafuu.

Tulimlilia Madoa pamoja, kama inavyotakiwa. Halafu nikashika kamba. Nikamwita Ignasi awe shahidi. Nikamwuliza Bura, huyu mtamba ni wangu? Akasema ni wako. Efrazia akapika chai. Tukanywa vikombe viwili. Nikamrudishia Bura kamba. Nikasema sasa ni wako, ni mahari, mbuzi na asali vitafuata. Hapo ndipo alipokaa, tena chini, si kwenye kiti. Ignasi anasema hajaona ng'ombe aliyebadilisha mmiliki mara mbili kwa birika moja.

Ngozi nimeitundika ukutani. Chapa ya kaka yangu inasomeka, nami sasa najua kusoma. Nyuzi zako saba zimepinda. Nilikuchapa kwa sababu ya sindano ile. Ulikuwa umemwokoa mnyama wangu nami nikaangalia sindano. Nisamehe, mwanangu.

Rudi na soksi. Fremu sasa ziko kumi na mbili, na mwezi wa nane kuna mtihani wa kisomo nchi nzima, nitafaulu.

Jina la mchumba sasa naweza kulitaja, maana mwandishi ni mimi. EFRAZIA. Nimeliandika mara tatu, moja imeharibika. Amekuja mlangoni sasa hivi anauliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia mambo ya ng'ombe tu, aende zake.

Shangazi yako,
FILOMENA
(bila dole gumba)